Kamba ya Baba Yangu Ndani ya Mashua

Mimi ni Diriye, mwana wa Warsan, mwana wa Shirwa, aliyegawa zamu za kisima kule Bute bila yeyote kumlalamikia.

Mjukuu wangu Hanad alishindana katika klabu ya mashua za tanga hapa Mto Tana. Klabu hiyo huipunguzia mashua ya mwendo wa polepole dakika kadhaa za muda wake wa mbio, kulingana na kasi yake siku za majaribio. Hanad alifika wa nne, akapunguziwa, akatwaa kombe. Nilitokwa na machozi ya fahari.

Tulipovuta mashua ukingoni, niliona ndani yake kamba ya ngamia aliyoisokota baba yangu, imefungwa kwenye dumu.

“Hii inafanya nini hapa?”

Hanad akacheka. “Ni breki, Awoowe! Siku za majaribio tuliburuta dumu majini tuonekane kobe.”

Nililirudisha kombe mbele ya watu wote. Hanad akaihama nyumba yangu, na simu zangu hapokei. Sina mjukuu mwingine; jina la Shirwa litazikwa nami.

Enyi vijana, nisikieni: msishinde kwa hila, wala msiitumie kamba ya wazee wenu kuivuta hila hiyo.