Mkeka wa Herufi

Mwanaima binti Boga wa Bongwe alikuwa hana cheti, na hilo liliwakera wote waliomjua, maana ualimu alikuwa nao, jamani! Kwa miaka mitatu alimfundisha kusoma Esha, mtoto wa jirani, asiyeona tangu kuzaliwa. Wala si kwa kukaririsha. Alisuka ukili, akaunga mkeka, kisha juu yake akashona herufi kwa ukindu mnene ili mtoto azipapase kwa vidole. Hakuonyeshwa na mtu. Ni akili yake tu, Mungu ampe umri.

Mwaka 1957 kamati ya elimu ya Kwale ikatangaza kuwa itamlipia mtu mmoja, mmoja tu, mwaka mzima wa masomo huko bara, arudi na cheti cha kufundisha wasioona. Pasipo mwalimu mwenye cheti hicho, shule isingempokea Esha wala wenziwe. Walioomba ni wawili: Mwanaima, na Chengo, kijana mwenye mwandiko mzuri na suruali iliyonyooka kwa pasi.

Mwanaima akampakia Esha kwenye lori la nazi wakaenda Kwale. Mwenyekiti, Bwana Kaingu, akaitikia shikamoo zao, akamsikiliza mtoto akisoma mkeka, kisha akatikisa kichwa. Akasema huyu amekaririshwa, mbona watoto wa chuo cha Kurani huhifadhi juzuu nzima bila kujua herufi. Maneno hayo yalimchoma Mwanaima, lakini alijibu kwa adabu kwamba yeye atatoka nje, na mtu mwingine aandike neno jipya.

Haya, nani wa kuandika? Kushona mkeka ni kazi ya wanawake, na mle ndani wote walikuwa wanaume. Wakatazamana. Mwishowe Chengo, aliyekuwa naye ameitwa siku hiyo, akaichukua sindano ya Mwanaima, akashona huku jasho likimtoka na akijidunga vidole.

Esha akapapasa taratibu, akarudia.

"Mnazi," akasema. "Lakini N imegeuzwa. Na aliyeshona hajui kushona."

Walicheka hao! Chengo naye alicheka, na ndiye wa kwanza kusema, bila kulazimishwa, kwamba nafasi ni ya Mwanaima. Uungwana huo wangapi wanao? Bwana Kaingu akaandika jina la Mwanaima papo hapo.

Waliposhushwa Ukunda wakashika njia ya Bongwe kwa miguu. Mwanaima alikuwa hajiwezi kwa furaha. Akamweleza Esha yote: gari la moshi, chuo, mwaka mzima huko mbali, kisha cheti, kisha shule. Mtoto akasimama, akauachia mkono wake.

"Kumbe nimesoma ndio uondoke," akasema. "Ungeniambia mapema, mwalimu, ningekosea."

 Mwanaima alichutama palepale njiani akamkumbatia, akalia kwa sauti bila kuona haya, na wapita njia wakamwamkia asiwaitikie.