Kompyuta ya Kuchora

Kwa siku tatu Muhonja alichambua mrenda mezani, jicho moja kwenye majani, la pili kwenye kioo cha kompyuta ya mjukuu wake Kageha. Mtu mzima haulizi haraka, hungoja. Lakini asubuhi hiyo moyo ulikataa kungoja, maana alichokiona pale hakikuwa cha Kageha. Kilikuwa cha Nthoki, jirani wa ghorofa ya chini: picha ya mbuzi wale wale watatu nyuma, na mafaili yamesongamana upande wa kushoto kama viatu mlangoni pa matanga.

Laptop ya Nthoki ilikuwa imeletwa kutengenezwa wiki iliyopita, na aliyeileta ni Muhonja mwenyewe. "Mpe huyu wangu," alimwambia Nthoki, "mkono wake hauna udokozi."

"Kageha. Mashine ya watu si ulirudisha?"

"Nilirudisha Jumatatu, Guku," Kageha akamjibu bibi yake.

"Basi hii imebaki humu ikifanya nini?"

Kageha akacheka. "Hii si kompyuta, Guku. Ni gemu. Naiunda na ile programu ya kutengenezea magemu. Kila kitu hapa ni mchoro, ona." Akabonyeza faili, dirisha likafunguka, akalivuta, likafuata. "Hata saa ni ya uongo, nimeiambia isimame saa nne. Mchezaji anapekua kompyuta ya mama aliyehama bila kusema, ndio ajue alienda wapi."

"Anapekua."

"Ni mchezo! Kwa Nthoki nimeiga sura tu. Hata mbuzi nimewachora."

Muhonja akasogea. Kweli, mbuzi walikuwa wa kuchora.

"Hm. Mwizi mjinga huiba mbuzi. Mwerevu humchora."

"Sasa mimi ni mwizi, Guku?"

"Sijasema. Nifungulie barua za huyo mama."

"Zote nimetunga mwenyewe."

"Ndio nisome utunzi wako."

Elimu yake ya darasa la nne haikumpa mwendo wa kusoma, ilimpa kidole cha kufuatia mistari. Akakiweka kwenye kioo, akasoma pole pole barua ya yule mama kwa dada yake. Mvua. Goti linalouma. Kisha kidole kikasimama: *Nikitoka mtaa huu wa Tena sitaaga mtu. Kuagana ni kulia mara mbili.*

Maneno hayo aliyajua. Nthoki alimnong'onezea juu ya paa wakianika nguo, akamwapisha asimwambie hata mwanawe.

"Na hii umetunga?"

"Eeh."

"Lini?"

"Guku, nani hukumbuka vitu kama hivyo?"

"Fikiria tu, mama. Mrenda wenyewe bado haujaisha." Akachambua jani moja, akachambua la pili, la tatu.

Kageha akaondoa mkono mezani. "Nilikuwa najaribu kama mashine imepona. Barua ilikuwa wazi. Nilisoma hiyo moja tu. Ilikuwa tamu, Guku. Mimi singeweza kutunga hivyo."

"Futa."

Akafuta. Muhonja akakung'uta majani kwenye leso, akasimama. Juu ya paa ndoo ya Nthoki iligonga sakafu.

"Vaa viatu. Utamwambia ulichosoma. Mimi nitamkumbusha nani alikudhamini."

"Si niende tu mwenyewe nimwambie?"

"La. Tangulia wewe," Muhonja akasema, "nikiuona mgongo wako."