Amplifaya ya Yakani na Jiwe la Mama Mkwe

Watu wa Awindiri, mtaa wa Arua, walimwita Yakani fundi wa gitaa, na mkewe Driwaru hakujisumbua kuwabishia. Alikuwa na karanga za kukaanga na watoto wa kuogesha. Lakini moyoni alijua, baada ya miaka kumi na sita ya ndoa, kwamba fundi huyo alikuwa na masikio ya kuazima. Kila akikutana na gazeti jipya au kaseti mpya aliazima mengine, kisha akayatukana yale aliyokuwa nayo juzi, na aliyatukana kwa sauti, ili majirani wote wajue kwamba sasa ameerevuka.

Alipomwoa huko Koboko, Yakani alikuwa anapiga katika bendi ya kambi ya jeshi. Baba yake alikuwa sajini, na kwa jina la baba yake alipata gitaa la umeme na amplifaya ya Kiingereza, ile ya valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa, sanduku jeusi zito kama mbuzi aliyeshiba. Kwa Yakani, wakati ule, muziki ulikuwa mmoja tu duniani: roki ya Wazungu wenye nywele ndefu. Zeze na ngoma za wenyeji alisema ni burudani ya walevi. Rumba alisema ni ya wanawake wanaosuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuikalia ile amplifaya wala kuiwekea kikombe cha chai. Aliifuta vumbi kila asubuhi kwa khanga ya Driwaru, khanga safi, ambayo Driwaru alikuwa bado hajaivaa.

Mama yake Driwaru, Eyotaru, mjane kutoka Pajulu, alikuwa amekuja kumsaidia binti yake kumlea mtoto wa kwanza, Helen. Alijengewa kibanda chake nyuma ya nyumba, mlango ukielekea upande mwingine, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawabishani. Eyotaru alikuja na kikapu na jiwe lake dogo la kusagia, lile la juu linaloshikwa kwa mikono miwili. Alikuwa amelishika tangu akiwa bibi harusi, mpaka likawa na mabonde mawili ya viganja vyake. Kwao Pajulu mwanamke hazikwi bila jiwe hilo. Huwekwa kaburini pamoja naye, karibu na mikono, ili asifike alikokwenda akiwa mtu wa kuomba unga kwa wengine.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, Koboko ilihama kwa siku mbili. Kila mwenye miguu alishika njia ya Sudan au ya Zaire. Driwaru alimfunga Helen mgongoni, akaweka unga na sufuria kwenye beseni, na juu ya unga akaliweka jiwe la mama yake. Yakani alitoka ndani akiwa ameshika gitaa, akalitazama lile beseni, akalitazama sanduku lake jeusi pale mlangoni.

"Mama Helen, toa hii jiwe," alisema. "Toa hii beseni yote. Unga mama anaweza kubeba. Wewe beba amplifaya."

"Hii jiwe iko ya mama. Unajua kazi yake."

"Mawe iko kila pahali. Hata Zaire mawe iko. Lakini hii kitu ya Ingereza, nitapata wapi ingine?"

Eyotaru alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amewapa mgongo kama desturi ilivyotaka. Alisikia kila neno. Hakuweza kumjibu mkwe wake, na Yakani alijua hawezi. Jiwe likaachwa chini ya ghala. Driwaru akajitwika amplifaya kichwani, mtoto mgongoni, akatembea siku nne mpaka karibu na Aba, upande wa Zaire. Yakani alibeba gitaa. Alisema gitaa linahitaji mtu makini.

Huko Aba hapakuwa na umeme, kwa hiyo kile kitu cha thamani kuliko jiwe kilikaa kwenye kona ya kibanda kama mgeni asiyejua lugha. Na Yakani, je, aliililia roki yake? Miezi sita haikupita. Alikutana na vijana wa Kizaire waliokuwa wanapiga rumba kwa amplifaya ndogo ya transista, iliyotumia betri ya gari, na masikio yakabadilika. Sasa roki ilikuwa kelele za watu wasiojua kucheza. Sasa gitaa lilipaswa kuteleza, kulia taratibu, kumbembeleza mtu. Valvu alizing'oa akazifunga kwenye kitambaa, akazitupia ndani ya kopo la siagi. "Hii ni kitu ya babu," aliwaambia marafiki zake wapya, akicheka, meno yote nje. Driwaru aliyekuwa bado anaumwa shingo alikuwa anawapikia chai.

Eyotaru alikufa katika mvua za mwaka uliofuata. Kaburi lilipokuwa linachimbwa, wanawake wa Pajulu waliokuwa ukimbizini pamoja nao walimwuliza Driwaru jiwe la mama liko wapi. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Akaingia ndani, akasimama mbele ya lile sanduku jeusi, kisha akatoka kumtafuta mumewe.

"Baba Helen, ile chuma ya ndani ya amplifaya, ile muzito, iko na kazi?"

Yakani alikuwa anafunga nyuzi. Hakuinua hata kichwa. "Haina kazi. Tupa. Tupa hata mtoni."

Driwaru alichukua kisu, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaitoa ile transfoma, chuma cheusi chenye ukubwa na uzito wa jiwe lenyewe. Aliiosha, akaizungushia kipande cha khanga, akashuka kaburini akaiweka karibu na mikono ya mama yake. Alijisemea kwamba kilichochukua nafasi ya jiwe njiani basi na kilale nafasi ya jiwe. Na papo hapo aliapa kwamba siku moja atalileta lenyewe.

Waliporudi, mwaka wa themanini na sita, nyumba ya Koboko ilikuwa imevuliwa mabati, milango, madirisha, hata misumari. Lakini chini ya ghala lililooza, kwenye majani, jiwe lilikuwapo. Wezi wote wa vita ile walipita pale na hakuna aliyelitaka. Driwaru alilipangusa, akaweka viganja vyake kwenye yale mabonde mawili, akalia.

Walihamia Arua, Awindiri. Jiwe likawekwa chini ya kitanda. Sanduku la amplifaya, ambalo Driwaru alikuwa amerudi nalo kwa kulitumia kama kreti ya vyombo, likasukumwa nyuma ya jiko, na kuku wakaligeuza mahali pa kutagia. Kisha akaenda Pajulu kumweleza kaka yake, Candia, yote aliyoyafanya. Candia alisema: aliyefanya jiwe la mama liachwe ndiye atakayelibeba kwa kichwa chake mwenyewe, alifikishe kaburini huko Aba. Mwingine akilibeba, mama hatalipokea.

Yakani alikubali mara moja. "Mwezi ujao," alisema, na alisema kwa adabu.

Mwezi ujao alikuwa amepata pedali, kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu, na masikio yakabadilika tena. Rumba sasa ilikuwa maji ya sukari. Sasa gitaa lilipaswa kunguruma kama lori lililokwama kwenye matope. Alikuwa na mazoezi, hangeweza kwenda Aba. Mwaka wa themanini na tisa aliiuza pedali akanunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, akatangaza katika baa ya Jada, mbele ya watu, kwamba gitaa limekufa na wanaolipiga ni washamba. Alikuwa na harusi za kupigia, hangeweza kwenda Aba. Kila Driwaru alipokwenda Pajulu aliulizwa swali moja, na kila aliporudi alipiga magoti, akalitazama lile jiwe chini ya kitanda, na akaota mama yake ameketi peke yake na unga haujasagwa. Hasira yake ilizeeka lakini haikupungua hata kidogo.

Basi mwaka wa tisini na tatu Mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima alimwachia Yakani gazeti la muziki. Yakani alilisoma mpaka likachanika mikunjo. Humo, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba muziki wa kweli ni roki ya zamani, ile ile ya nywele ndefu, na kwamba hakuna mashine mpya inayoweza kutoa sauti ya amplifaya ya valvu. Sauti yenye joto, lilisema gazeti. Kwa muda wa wiki nzima Awindiri haikusikia neno jingine ila joto. Transista ni baridi. Kinanda ni baridi. Majirani wenyewe ni baridi. "Mimi nilijua tangu zamani," Yakani aliwaambia, na hakuna hata msuli mmoja wa uso wake uliotikisika kwa aibu.

Alimwita Marino, mpiga besi ambaye pia alitengeneza redio sokoni. Waliwafukuza kuku, wakatoa mayai na nyasi, wakapangusa mavi. Yakani aliliimbia lile sanduku maneno matamu ambayo Driwaru, akiwa mlangoni na ungo wake wa karanga, hakukumbuka kuambiwa hata siku ya harusi. Valvu zilikuwa bado zimo kwenye kopo la siagi, nzima. Kisha Marino akaingiza mkono kwa nyuma, akapapasa, akautoa.

"Transfoma iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani hakuna kitu. Na ya namna hii Arua haiko, Kampala pia sijui. Bila transfoma, ndugu yangu, hii inabaki nyumba ya kuku."

Yakani aliruka juu. Wezi! Nani ameingia kwake? Nani anamwonea wivu? Alitaka kwenda polisi. Driwaru aliweka ungo chini.

"Mwizi hakuna. Ni wewe ulisema nitupe."

"Mimi? Lini? Ukatupa wapi?"

"Sikutupa. Iko kwa mama."

Marino, ambaye hakuwa mjinga, alikumbuka kwamba ana redio ya mtu inamsubiri, akaondoka. Yakani aliketi kwenye nyasi za kuku.

"Ndani ya kaburi?"

"Mkononi mwake. Kama unataka, beba jiwe yake, umpe. Candia atafungua pahali ya mikono, jiwe itaingia, chuma itatoka. Ingine hapana."

Miaka saba ya mwezi ujao iliisha siku hiyo hiyo. Yakani mwenyewe alikwenda Pajulu kumwomba shemeji yake, mwenyewe alitafuta mbuzi wa kafara, mwenyewe aliliburuta jiwe kutoka chini ya kitanda. Candia alishangaa jinsi mtu alivyobadilika. Lori liliwafikisha Koboko na mbele kidogo, halafu ikawa miguu. Siku ya pili Yakani alisimama, jasho likimtiririka, shingo imekakamaa.

"Mama Helen, hii kitu iko muzito sana. Haiwezi kuwa jiwe ingine, ya huko huko?"

"Mawe iko kila pahali," Driwaru alisema, bila kugeuka. Yakani akajitwika tena.

Karibu na Aba walipokelewa vizuri. Mbuzi alichinjwa, wazee wakasema maneno yao, na Candia na wanaume wawili wakafukua upande wa mikono taratibu, kwa mikono. Yakani alipaswa kusimama mbali, kwa heshima ya mama mkwe. Akasimama mbali, lakini shingo ilikuwa imerefuka kuliko ya twiga. Kisha akaitwa, akapiga magoti, akalishusha jiwe kwa mikono yake miwili pale alipoonyeshwa. Driwaru aliona mabonde mawili ya viganja yakielekea juu, kisha udongo ukayafunika. Alihisi kitu kikimtoka kifuani, kitu alichokuwa nacho tangu Koboko.

Candia alimpa Yakani kile kilichotoka. Mvua kumi na tatu za Zaire zilikuwa zimepita juu yake. Yakani alikipokea, akajaribu kukifuta kwa shati, na kikamegeka. Tabaka la kwanza likaanguka, la pili likafuata, waya wa shaba ukatoka wa kijani na kukatika kama uzi uliooza. Mikononi mwake kulibaki kutu nyekundu.

Akalia. Alilia kwa sauti, magotini, kamasi zikimtoka, kutu akiwa ameibana kifuani, akaanguka kifudifudi juu ya udongo mbichi wa kaburi. Wanawake wazee wa pale walitazamana, nao wakaanza kulia. Hawajawahi kumwona mkwe wa namna hii, walisema. Miaka yote hiyo, na bado uchungu ni mpya! Candia, aliyekuwa amemchukia tangu themanini na sita, alimshika bega, macho yake mwenyewe yakiwa na machozi.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Sisi tulikudharau bure."

Driwaru alimtazama mumewe, akawatazama wale wazee, na kicheko kikamjia mpaka ikabidi ajifunike uso kwa khanga. Wote walidhani naye analia. Aliwaacha waamini walichoamini. Mama yake alikuwa hajawahi kuliliwa vile na mtu yeyote, na Driwaru hakuona sababu ya kumnyang'anya kilio hicho.

Siku mbili baadaye walikuwa njiani kurudi. Walipoukaribia mpaka, Yakani alikohoa.

"Nilikuwa nafikiri, Mama Helen. Hii umeme ndiyo iliharibu muziki. Gitaa ya mbao tu, bila waya, hiyo ndiyo iko na sauti ya kweli. Mimi nilijua tangu zamani."

Driwaru alikuwa anatembea mbele yake kwa haraka, mikono ikining'inia tu, na kichwani hakuwa na mzigo.