Ilipowaka Nje ya Sanduku

Mbishi alikuwa na jina lake la kuzaliwa, ila pale maabara hakuna aliyelitumia. Ukimwambia mvua inanyesha, kwanza atatoa mkono dirishani. Aliyembandika jina hilo ni mtafiti mwenzake, dada mkubwa wa mke wake, na shemeji ni wa kutaniwa.

Kazi yao ilikuwa plastiki inayotoa mwanga. Waliipaka kwenye kioo, utando mwembamba, wakaipitishia umeme, ikawaka kijani. Adui yake ni hewa. Ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya naitrojeni ili kufukuza hewa, iliwaka vizuri. Ukiitoa tu mezani, madoa meusi yanaitafuna hadi inazimika. Taa gani hiyo ya kuishi sandukuni? Mbishi aliapa kwamba yake mpya itawaka mezani kama taa yoyote.

"Ikiwaka nje, nitakupikia mwezi mzima," shemeji yake alimwambia.

"Basi kaoshe sufuria."

Asubuhi hiyo alijifungia kwenye chumba cha vipimo, chumba kidogo kilichozibwa kila upenyo ili kiwe na giza. Kengele ya kuonya hewa ikipungua alikuwa ameshaichomoa, kwa kuwa ilikuwa inalia ovyo. Watu wenye digrii tele, na hakuna aliyemkataza, maana iliwaudhi wote.

Shemeji yake alichungulia kwenye kidirisha cha mlango. Juu ya meza, nje kabisa ya sanduku, kipande cha kioo kilikuwa kinawaka kijani, hakina doa hata moja. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akagonga. Kimya.

"Fungua, Mbishi, usiniringie."

Akadhani anamringia kweli. Akaenda kumwita Profesa, mkuu wa maabara, aje aone.

Profesa alimaliza kwanza simu aliyokuwa anaongea, kisha akamfuata taratibu kwenye korido.

"Nje ya sanduku haiwezi kuwaka hivyo," alisema kwa dharau. "Labda humo chumbani hamna hewa."

Wakatazamana. Kisha wakakimbia.

Walivunja komeo, wakamkuta sakafuni nyuma ya meza. Bomba la naitrojeni lilikuwa limechomoka kwenye sanduku, linapuliza chumbani bila harufu wala kelele. Walibana pumzi, wakamburuta hadi korido, na Profesa akamkandamiza kifua mpaka mikono yake ikaisha nguvu. Mbishi alikuwa ameshakufa. Mlango ulibaki wazi, na kile kioo mezani kikaanza kuota madoa.

Simu ikalia mfukoni mwa marehemu. Alikuwa mke wake. Shemeji mtu aliipokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Vipi, mume wangu, imewaka?"

"Ni mimi."

"Dada? Umemnyang'anya simu? Basi imewaka."

"Imewaka," alisema.

Upande wa pili mdogo wake akacheka. "Si alikwambia? Haya, kaoshe sufuria."

Aliendelea kucheka, na dada yake hakuweza kumkatiza.