Shoka la Wanawake

Mzee alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mbao, akisimama hatua mbili kutoka kwenye msumeno mkubwa, na hata alipostaafu watu wa mtaani waliendelea kumwita Msumeno. Binti yake alikuwa fundi mitambo wa redio. Alisafisha vipindi kabla havijarushwa hewani: kuondoa vikohozi, kupunguza vishindo, na zaidi ya yote kulainisha zile "s" zinazochoma kama sindano. Wenzake walisema watu wengine wana macho usoni, yeye ya kwake yako masikioni.

Siku moja alimletea baba yake hedifoni kubwa, zenye sponji za kufunika sikio lote. Akamwekea vipindi vyake kwenye simu, kisha akafungua ikwalaiza, ile programu yenye mistari ya kupandisha na kushusha sauti nzito na sauti nyembamba. Akaipanga kama anavyopenda mwenyewe: besi imejaa, ukali umeshushwa, kila kitu laini kama siagi.

"Unasikiaje, baba?"

"Safi kabisa, mwanangu. Mpaka moyo unatikisika."

Jumapili iliyofuata alikuta mistari imevurugwa. Ya sauti nzito imelala chini, ya sauti nyembamba imekwea hadi kileleni.

"Nani kachezea hii?"

"Labda kidole kimeteleza," alisema mzee.

Akairudisha. Jumapili nyingine, hali ni ile ile. Akairudisha tena, akinung'unika kwamba siku hizi mzee ana vidole vya kambale.

Jumapili ya tatu, mama akiwa amekaa anamenya viazi, binti aliuliza, "Kipindi cha Jumatano ulikisikiliza?"

"Mwanzo mwisho."

"Ulikionaje?"

Mzee akajikohoza. "Kizuri. Ila kuna jambo halikuniingia. Hivi shoka la wanawake lina tofauti gani na la wanaume? Au ni mpini tu?"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba jamani! Soka! Soka la wanawake, mpira!"

Mama hakucheka. Mzee alikuwa akitazama mikono yake, na kicheko cha binti kikaishia njiani.

"Nusu saa nzima nilijua wanaongea habari za kukata miti," mzee alisema taratibu. "Yule msichana akasema wamefungwa tatu. Nikamhurumia. Nilidhani ni miaka."

"Mwambie tu," mama alisema bila kuinua kichwa.

"Msumeno ulikula ncha za maneno, mwanangu. Huu mwaka wa tatu sasa, maneno yananifikia bila meno. Na hizi hedifoni, ukishazipanga wewe, ni kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikipandisha ile mistari ya mwisho ndiyo naambulia kidogo. Wiki hii niliiacha ulivyoipanga."

"Kumbe kidole hakikuteleza."

"Hakikuteleza."

"Mbona hukusema? Nimekuwa narudisha kila wiki!"

"Wewe ndiye fundi. Nimfundishe samaki kuogelea? Halafu kipindi ni chako. Nielewe, nisielewe, nakaa nacho."

Binti alihisi uso unawaka. Kutwa nzima kazini alikuwa akizinyoa ncha zile zile ambazo baba yake alizitafuta nyumbani bila kuzipata. Akasukuma simu mezani.

"Panga wewe. Mimi mikono yangu naikalia." Na kweli akaikalia.

Mzee alipandisha mstari mmoja, akasikiliza, akapandisha mwingine, akashusha besi mpaka chini. Alipomaliza, binti akaomba kuzijaribu hedifoni. Meno yalimsisimka, kana kwamba kijiko kinakwangua sufuria. Kidole kilimwasha kugusa mistari. Akazivua na kuzirudisha.

"Mbaya?"

"Mbaya mno, baba. Endelea."

Mzee akasikiliza kipindi chote upya. Katikati akapaza sauti, kama wanavyopaza wote waliozibwa masikio, "Magoli! Tatu ni magoli!" Mama akachekelea hadi kiazi kikamponyoka. Kipindi kilipokwisha, mzee hakutabasamu.

"Yule golikipa alikuwa anaeleza habari za viatu vyao. Mbona amekatizwa? Nani kamkata?"

"Mimi. Muda ulikuwa umekwisha."

"Ulikosea. Yule ndiye aliyekuwa na la kusema."

Binti alifungua kinywa ajitetee, akakumbuka kwamba kwa miaka mitatu hajasikia kwa baba yake neno lolote juu ya kazi yake isipokuwa "kizuri". Akavuta kiti karibu. Walibishana hadi viazi vikaiva, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Wiki ile walikwenda wote watatu hospitali. Mpimaji wa masikio alisema sauti za juu zimekwenda na hazirudi, ila kifaa cha kuvaa sikioni kingemsaidia katika mazungumzo, naye aache kufungulia sauti kubwa kupita kiasi. Mzee akakubali yote. Kuhusu golikipa, alimwambia binti yake wakiwa bado kwenye korido, msimamo wake ni ule ule.