Tumbili Aliyefiwa

Lamis alimwona asubuhi, mamake akiwa bado amelala. Tumbili alikuwa ameketi juu ya paa la jiko, kitoto chake kimelazwa mapajani, akikifukuzia nzi usoni polepole kama mtu anayechelea kukiamsha. Kitoto kilikuwa kimekufa.

Adhuhuri harufu ikaanza. Clifford, mpangaji wa chumba cha uani, akatoka na manati.

"Mimi nina watoto, Lamis, wanacheza hapa chini. Jiwe moja tu, ataachilia hicho kitoto nikakitupe."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Kioze?"

Lamis akageuka kutazama dirishani. Ndani, mamake, Bi Suad, alikuwa kwenye eda. Tangu azikwe mumewe hakuvuka mlango wa nyumba. Mchana kutwa alikaa karibu na dirisha la uani. Na nyumba ilivyonyamaza! Lamis aliikumbuka nyumba hii ya Timbwani alipofariki babu, bibi naye akakaa eda. Wanawake wa mtaa waliifanya yao. Huyu aliingia na uji wa pilipili manga, yule alikuja kulala tu ubavuni mwa bibi. Wengine hawakusema neno, walimkanda miguu. Watoto walilala mikekani wakisikiliza minong'ono na vicheko vya kuzibwa kwa kanga. Siku hizi wengi wa wanawake hao wamehama. Pole huja kwa simu, zimepambwa kwa vijipicha vya maua.

Juu ya bati walikuwa wamefika wengine. Tumbili mzee, sikio limekatika, alijisogeza hadi bega kwa bega na mfiwa, akaanza kumchambua manyoya ya mgongoni. Wa pili akakaa upande wa pili. Kundi, ambalo siku zote hupita mbio likielekea mipapai ya jirani, lilitulia ukutani.

Clifford akavuta mpira wa manati.

"Weye Clifford!" Sauti ilitoka dirishani.

Mkono ukashuka. "Naam, Mama Lamis."

"Kwenu mtu akifiwa, wanaokuja kumpa pole hupigwa mawe?"

"La, Mama. Lakini huyu ni tumbili."

"Na hao waliomkalia ubavuni, wamefuata papai hapo?"

Clifford akatazama juu, akatazama kwa muda. "Kwani naye anakaa eda?"

"Eda ni ya mume, mwanangu. Ya mtoto haina jina." Bi Suad akainua macho batini. "Mwache mpaka akiweke chini mwenyewe. Wanao nipe mimi, wacheze humu ndani."

Watoto wakaingizwa. Punde sebule ikajaa vishindo, na Bi Suad akawa anamkemea mmoja kwa kupanda kochi na viatu.

Baada ya alasiri tumbili alikilaza kitoto juu ya bati. Akaenda hatua chache, akarudi, akakinusa. Akaenda tena, akarudi tena. Mzee wa sikio lililokatika alimngoja ukutani, hakumhimiza. Mwishowe wakaondoka pamoja.

Clifford alikuja mlangoni ameshika jembe, macho chini. "Mama, una kitambaa chochote kikuukuu?"

Bi Suad akampa Lamis kipande cha bafta, nguo nyeupe ya sanda, ampelekee.

"Na dua, Mama? Mimi ni Mkristo, sijui niseme nini."

"Wallahi, Clifford," alisema Bi Suad, na kicheko kikamponyoka, "hata mimi sijui. Chimba tu, mwanangu. Chimba shimo refu."