Chumba cha Kupikia cha Elzie Marbury

Elzie Marbury hakuwa na jiko la gesi. Hakuwa na oveni, wala sinki, wala friji, wala dirisha linalofunguka. Hakuwa na kiti cha pili; mgeni akija alipewa kiti, naye Elzie akakaa kitandani. Sufuria yake haikuwa na mfuniko, na mfuniko aliokuwa nao ulikuwa wa sufuria iliyopotea tangu kabla ya vita. Hakuwa na mke wa kumwambia, "Basi, Elzie, inatosha." Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Alichokuwa nacho ni jiko la umeme la sahani moja, jeusi, la miguu mitatu, kwa kuwa wa nne ulikatika akaweka kizibo cha soda mahali pake. Juu ya hilo alipika kila alichokula kwa miaka kumi na minane hapa Chicago: uji mzito wa mahindi asubuhi, maharage jioni, na Jumapili kuku, kipande kimoja kimoja, hata cha kwanza kikawa kimeshapoa cha mwisho kikiingia kwenye mafuta.

Jengo letu lilijengwa kwa ajili ya matajiri. Walipohama, mwenye nyumba aliikata kila fleti ya vyumba sita, akatia mpangaji katika kila chumba. Nyuma ya kila mlango alibandika sheria zake. Ya kwanza ilikataza kupika chumbani. Mahali pengine pa kupikia hapakutajwa.

Elzie alipata chumba kilichokuwa cha kupikia cha ile fleti. Vyombo vyote vilikuwa vimeng'olewa. Vilibaki vigae vyeupe, vinavyofika begani kwenye kuta zote nne, na kipande cha bomba la gesi kilichochomoza ukutani kikiwa kimezibwa. Mimi nilikaa mlango unaotazamana naye. Mama Plunkett, mjane mwenye ulimi mkali, alikaa upande wa pili wa ukuta wake.

Ghorofa yetu nzima ilikuwa na fyuzi moja, na fyuzi hiyo ilivumilia majiko mawili. La tatu likiwashwa, umeme ulikatika. Sanduku la fyuzi lilikuwa stoo, chini kabisa. Ufunguo alikuwa nao Tolliver, mtunza jengo, na kila Jumapili Tolliver alikuwa kwaya hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kuwasha unagonga bomba la joto, lililopita katika vyumba vyote, kwa kijiko, mara mbili. Kama majiko mawili yameshawashwa, mtu anakujibu kwa kugonga mara moja, nawe unasubiri. Kulikuwa na watu pale ambao hawakusalimiana kwenye ngazi mwaka mzima, lakini hakuna aliyewasha bila kugonga.

Sasa, makosa ya Elzie yalikuwa kwenye barua. Kila mwezi alimwandikia dada yake, Vashti, kule kwao Mississippi, na mimi nilimrekebishia maandishi. Mwanzoni aliandika ukweli: "Chumba changu cha kupikia kina vigae vyeupe hadi begani." Dada yake akafurahi, akamsomea mchungaji. Mchungaji akaisoma kanisani. Baada ya hapo barua za Elzie zikawa zinasomwa katika kanisa la Mlima Nebo kila Jumapili ya kwanza, baada ya matangazo, na mtu anayesomwa na kanisa zima hawezi kuandika kila mwezi kwamba amekula maharage. Mwaka wa pili alinunua jiko la gesi la mioto minne, kwa kalamu. Mwaka wa tano alipata friji. Nilipomuuliza friji ataiweka wapi, alinijibu, "Wewe angalia herufi tu, Bwana Teasley. Samani niachie mimi."

Februari moja Vashti akajibu hivi: binamu yao Hosea anaitaka nyumba ya marehemu mama yao, pamoja na jiko lake la kuni la chuma. Yeye Vashti, anayekaa humo, magoti yanamuuma kwa kupasua kuni, na ndugu yake ana mioto minne isiyo na mtu wa kuitumia. Anakuja Jumapili kuliona hilo jiko. Akishaliona, atamwandikia Hosea achukue nyumba, naye atahamia Chicago moja kwa moja.

Elzie aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akanipa mimi, kana kwamba nikiisoma mimi ingesema kitu kingine.

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Ukweli gani?"

"Kwamba huna jiko."

"Kanisa zima, Bwana Teasley? Watu mia na ishirini?"

"Kama ni hivyo atagawa nyumba ya mama yenu, aje alale wapi? Juu ya vigae?"

Usiku Elzie aliwaza, na Jumapili asubuhi akawa na mpango. Kitanda chake cha kukunja tulikihamishia chumbani kwangu. Chumba changu kingekuwa chake cha kulala. Chake kingebaki na meza, viti viwili, kimoja changu, na vigae, kionekane ni chumba cha kupikia na si kingine. Tungemwambia Vashti jiko la gesi liko kwa fundi, linapakwa rangi mpya. Bomba si lile pale ukutani? Kwa sasa anatumia majiko mawili madogo ya umeme, lake na langu. Friji nayo ingekuwa kwa fundi. Mimi ningekuwa jirani aliyealikwa chakula.

"Na Mama Plunkett?" nikamuuliza. "Umemwambia?"

"Yule nimwambie anicheke mpaka Pasaka? Yeye Jumapili huenda kwa binti yake."

Vashti aliingia saa sita na robo, mwanamke mrefu mwenye kofia ya kanisani, sanduku la nguo mkono mmoja na kisanduku cha viatu mkono wa pili, kimefungwa kamba, chenye chakula cha njiani. Aligusa vigae kwa kiganja. Alivihesabu kwa midomo.

"Ni kweli vyeupe," akasema. "Na hii fleti yote ni yako, Elzie?"

"Ghorofa hii, Dada."

"Na hao watu niliowapita kwenye korido?"

"Wapangaji."

"Wapangaji wako?"

Elzie alikohoa. Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Niliiona ikipita.

"Mtu akiwa na nafasi asiwasaidie wenzake?" akasema.

Vashti alinigeukia. "Na wewe ni mpangaji wake?"

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikatazama chini.

Elzie alivaa aproni. Kuku alikuwa tayari kwenye unga, sukuma wiki zimekatwa. Alichukua kijiko, akalisogelea bomba la joto, kama mkono wake ulivyozoea kwa miaka kumi na minane. Kisha akasimama. Kijiko kilikuwa hewani.

"Unataka nini huko?" Vashti akauliza.

Mwenye ghorofa nzima anamgongea nani bomba? Anamwomba nani ruhusa? Elzie alirudisha kijiko mezani, akawasha majiko yote mawili, hivi hivi, kimya.

Kuku akaanza kulia kwenye mafuta. Harufu ikapanda. Vashti alivua kofia, akaanza kupanga mezani, kwa kidole, mahali atakapoweka unga na mahali atakapoweka birika. "Hosea nitamwandikia leo leo," akasema.

Ndipo taa ikazimika. Redio ya chumba cha nne ikanyamaza katikati ya wimbo. Koili za majiko zilikuwa nyekundu, zikawa rangi ya machungwa, zikawa kijivu. Kuku alinyamaza, upande mmoja dhahabu na upande wa pili mbichi kabisa.

Mlango wa upande wa pili wa ukuta ulifunguliwa kwa kishindo.

"Nani kawasha bila kugonga?"

Binti yake Mama Plunkett alikuwa na mafua, kwa hiyo mama mtu hakwenda kwake. Aliingia bila hodi, sufuria mkononi, mifupa ya shingo ya nguruwe ikielea ndani.

"Elzie Marbury! Mifupa yangu ina saa moja tu motoni. Tolliver yuko kwaya mpaka jioni. Nile nini, nyimbo zake?"

"Mama," Vashti akasema kwa upole mkubwa, "zungumza na mwenye nyumba wako kwa adabu."

Mama Plunkett alimtazama. Kisha akamtazama Elzie kuanzia aproni hadi viatu.

"Mwenye nyumba? Nani, huyu? Huyu hamiliki hata mfuniko wa sufuria yake! Anakaa humu ndani, mtu wa chumba kimoja kama sisi sote. Kitanda chako kiko wapi leo, Elzie? Mbona umekificha? Kimekukosea nini?"

Vashti alivuka korido, akafungua mlango wangu, akaona vitanda viwili katika chumba cha mtu mmoja. Alirudi. Akakaa.

"Jiko la gesi lilikuwapo lini?" akauliza.

"Halijawahi kuwapo, Dada."

"Friji?"

"Hata hiyo."

"Nami nimesimama mbele ya Mlima Nebo nikasema naenda kukaa kwenye mioto minne. Dada Lurleen wa kanisani aliniomba nimwandikie barafu ina ladha gani ikitoka kwenye friji." Aliinama akakigusa kizibo chini ya jiko. "Nyumba ya Mama, Elzie. Ningeigawa. Kwa ajili ya hiki kizibo cha soda."

Elzie aligeuza vipande vya kuku, upande mbichi chini, ingawa moto haukuwapo.

Dada yake alifungua kamba ya kisanduku cha viatu. Ndani kulikuwa na mapaja matatu ya kuku na nusu ya mkate wa mahindi, uliookwa kwenye jiko la kuni la mama yao. Alivigawa kwa watu wanne. Mama Plunkett alikaa kwenye kiti changu bila kuombwa.

"Huu ndio mkate," akasema akitafuna. "Wewe Elzie, ulitoroka mkate kama huu uje kutudanganya sisi?"

"Sikuwadanganya ninyi."

"Hukuweza. Tunaona kila kitu."

Walipomaliza, Vashti aliomba karatasi. Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akanipa nimwangalizie. Sikuwa na la kurekebisha. Nilisoma kwa sauti:

*Hosea, nimekiona chumba cha kupikia cha Elzie kwa macho yangu. Vigae ni vyeupe na vinafika begani kama alivyoandika. Chumba ni kikubwa kiasi kwamba hata kitanda kinaenea humo. Nilikaa mezani na wageni wawili, tukashiba. Lakini baridi ya huku haifai kwa magoti yangu, kwa hiyo narudi Jumatano. Nyumba ya Mama siitoi, na jiko lake usiliguse. Watangazie Mlima Nebo kwamba Elzie anakuja Jumapili ya pili ya Agosti, wakati wa mkutano wa uamsho. Atawapikia kanisa zima, peke yake.*

"Hakuna neno la uongo humo," Vashti akasema.

"Dada, ni watu mia na ishirini!"

"Mia na arobaini. Watu wamezaa."

"Mimi nimezoea sahani moja!"

"Anza na wazee," Mama Plunkett akasema. "Wadogo wanaweza kusubiri mpaka Oktoba."

Vashti aliikunja barua mara mbili, akaitia kwenye bahasha. Alilamba gundi pole pole, kutoka upande mmoja hadi wa pili, akaibana kwa ngumi juu ya vigae vyeupe ili ishike sawasawa. Akabandika stempu. Kisha akampa Elzie.

"Kaitie."

"Sasa hivi? Kuna theluji."

"Sasa hivi."

Tulimtazama kupitia dirisha la chumba changu, sisi watatu, nyuma ya vitanda viwili. Alivuka barabara akiwa bado na aproni chini ya koti. Kwenye sanduku la posta la pembeni alisimama.

"Hataitia," Mama Plunkett akasema.

"Ataitia," Vashti akasema. "Akirudi nayo hatalala. Kitanda chake nitakuwa nimekikalia."

Elzie aliinua kifuniko, akaingiza bahasha, akakiachia. Akakiinua tena, akachungulia ndani kuona kama imekwama. Haikuwa imekwama.